Mkwe Kwenye Karatasi ya Chumvi

Mzee Bujiku alifika Ngokolo saa mbili asubuhi, vumbi la barabara ya Songwa limempaka mpaka kwenye kope. Eufrasia alipiga goti akamwamkia. Mzee akaegemeza baiskeli ukutani, akakung'uta kofia gotini mara mbili, kisha akaiitikia shikamoo ya binti yake kwa neno ambalo halikuwa marahaba.

"Kusanya nguo zako."

"Kuna msiba, baba?"

"Bora ungekuwa msiba. Kwenye msiba watu huja, wakala, wakaenda zao. Mumeo yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

Hapo Eufrasia akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangika tangu jana. Mumewe, Nkwabi, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya upande wa Geita mwaka uliopita na kifua kilichojaa vumbi la mawe na mfuko usiojaa chochote. Tangu masika alikuwa na kazi mjini, Jumanne na Alhamisi, kwa mzee Jashvant mwenye studio ya picha. Watu wakiuliza, Eufrasia husema mumewe ni msaidizi wa studio. Haukuwa uongo. Bila Nkwabi, siku hizo mbili studio isingekuwa na kitu cha kutazama.

"Anasaidia studio," alisema.

"Anasaidia nini?"

"Anasimama."

"Akiwa amevaa nini?"

Swali lile halikuwa la mtu asiyejua jibu. Eufrasia akaacha kuni, akaleta kigoda. Baba yake akakitazama kile kigoda kana kwamba nacho kilikuwa kwenye njama, lakini akakaa, kwa sababu kilomita zile si mchezo kwa mtu wa miaka sitini na mbili.

"Jumamosi mama yako alikuja huku mjini kuuza choroko," alianza. "Akapita duka la mke wa huyo Jashvant, akanunua chumvi nusu kilo. Akafungiwa kwenye karatasi kubwa, nzito, nzuri, si hizi za magazeti. Mama yako akaona bahati. Akasema karatasi hii nikifika nitaibandika ukutani. Umenielewa mpaka hapo?"

"Nimekuelewa, baba."

"Akafika nyumbani, akamimina chumvi kwenye kopo, akaanza kukunjua. Kunjo la kwanza, uso. Akasema, hee, mkwe wangu! Akafurahi, mama yako. Akasema kumbe mtoto huyu amekuwa mtu wa maana mpaka anachorwa. Akaendelea kukunjua."

Mzee Bujiku akaigeuza kofia mikononi. Jogoo wa jirani akawika, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Akafika kiunoni," mzee akamalizia, "akatafuta mkanda, hakuuona. Akaifunga palepale."

Eufrasia akashika kichwa. Kwao, mama mkwe na mkwe hawali chungu kimoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mwa watu mpaka mwenziwe apite. Katika miaka tisa ya ndoa, mama yake, Bi Philomena, alizungumza na Nkwabi akiwa amempa mgongo, kama mtu anayezungumza na ukuta anaouheshimu.

"Wewe umeiona, baba?"

"Niutazame uchi wa mkwe wangu? Unaniona nimerogwa? Mama yako kaificha, hali, halali, anasema ameharibikiwa. Jumamosi tunakuja na wazee. Mtamba mmoja na kondoo mmoja, mama yako asafishwe. Vikikosekana, unarudi nyumbani na mtoto. Sisi tulikuoza kwa mwanamume, hatukukuoza kwa picha."

Akanywa maji vikombe viwili, akapanda baiskeli yake. Nyumba ile haikuwa na mtamba. Haikuwa na hata kamba ya kumfungia.

Kwenye bomba la mtaa siku hiyohiyo, jirani yake Mwanaima alimsogezea Eufrasia ndoo kwa heshima ambayo hakuwa nayo jana.

"Mama Juliana, pole na kazi. Mimi sukari yangu ilikuja na goti la shemeji."

"Goti?"

"Goti tu, shoga yangu, usihofu. Lakini mama wa nyumba ya tatu alinunua dengu kilo nzima."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatazama ndoo zao. Mabega yalikuwa yakicheka yenyewe.

Alhamisi Eufrasia hakungoja mumewe arudi. Alijifunga khanga, akamwacha mwanawe Juliana kwa jirani, akaenda mjini kwa miguu.

Studio ya mzee Jashvant ilikuwa nyuma ya duka la mke wake, Saroj. Zamani watu walipanga foleni pale kupiga picha za arusi na za ubatizo. Zilipokuja picha za rangi za kusafishwa Mwanza kwa siku mbili, foleni ikahamia kwa vijana wenye kamera mpya, na mzee Jashvant, aliyewahi kusomea uchoraji ujanani, akarudia makaa na karatasi. Saroj alimwonyesha Eufrasia mlango wa uani kwa kidevu, bila kuacha kupima mchele.

Eufrasia akasukuma mlango.

Nkwabi alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, sururu begani, macho dirishani. Nguo zake zilikunjwa vizuri juu ya kiti, shati juu ya suruali, kuliko alivyowahi kuzikunja nyumbani. Mwanga wa saa nne ulimwangukia wote. Eufrasia alikuwa amezaa na mtu huyu, lakini nyumbani kwao, kama nyumba nyingine zote za mtaa ule, nguo zilivuliwa baada ya kibatari kuzimwa. Alikuwa hajamwona mumewe kwa jua. Alisimama mlangoni akagundua kwamba mgongo wa mumewe haukuwa umepinda. Ulikuwa unapinda akifika nyumbani.

"Funga mlango, mama," mzee Jashvant akasema bila kugeuka. "Upepo unamletea vipele. Vipele sichori."

Nkwabi aligeuza kichwa, akamwona mkewe, na jambo la kwanza alilofanya likawa kujiziba kwa sururu. Sururu si chombo kizuri kwa kazi hiyo.

"Umeharibu bega," mzee Jashvant akalalamika. "Nusu saa nimetafuta bega."

"Huyo ni mke wangu."

"Basi amekwisha kukuona. Rudisha bega."

"Mzee, shikamoo," Eufrasia akasema, macho chini. "Michoro yako inatembea mjini."

Mzee Jashvant akaweka makaa chini. Eufrasia akasimulia: chumvi, sukari, dengu, mama yake, mtamba, kondoo. Alipofika kwenye dengu, mzee akanyanyuka na kuufungua mlango wa duka.

"Saroj! Umeuza michoro yangu?"

"Sijauza," Saroj akajibu kutoka kwenye mchele. "Nimetoa bure."

"Mingapi?"

"Karatasi unaagiza Nairobi. Unachora mguu, unasema mbaya, unatupa. Unachora mtu mzima, unasema mbaya, unatupa. Nyuma ni safi kabisa. Mimi nifungie chumvi kwa mkono?"

"Mingapi, Saroj?"

"Chumvi imekwisha gunia zima. Dengu bado bado."

Mzee Jashvant akakaa juu ya kiti, juu ya nguo za Nkwabi. Hatimaye akauliza kwa sauti ndogo: "Hao waliopata, wamesemaje? Mchoro wenyewe, namaanisha. Mkono wa kushoto nilikuwa na wasiwasi nao."

Njiani kurudi nyumbani Nkwabi alitembea hatua mbili mbele ya mkewe. Walipopita watu, alijifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimekwisha kufungwa.

"Ungeniambia ni uchi kabisa," Eufrasia akasema.

"Nilikuambia nasimama."

"Hata mlingoti unasimama."

"Nikuambie nini, Mama Juliana? Kwamba nimepata kazi ya kutofanya kitu?" Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Halafu ni ngumu, usione vile. Inzi akitua puani, unamwangalia tu, kama mgeni."

Eufrasia alitaka kukasirika, akajikuta anaangalia mgongo wake. Ulikuwa umeanza kupinda.

Jumamosi wageni walifika wanne: mzee Bujiku, wazee wawili wa ukoo wake, na Bi Philomena aliyejifunika khanga mpaka machoni na kubeba kikapu kama mtu aliyebeba nyoka. Yeye alipitia mlango wa nyuma, akaketi chumbani juu ya mkeka, uso umeelekea ukutani. Mlango ukateremshwa pazia. Wanaume wakakaa uani kwenye vigoda. Kwa kuwa mama mkwe hawezi kusema mbele ya mkwe, na mkwe hawezi kusikika na mama mkwe, Eufrasia akapewa kazi ya kubeba maneno kutoka uani kwenda chumbani na kuyarudisha.

Upande wa Nkwabi alisimama Januari, mshenga wake wa zamani, aliyechimba naye duara moja, shimo moja la dhahabu, kule Geita. Alikuwa amevaa koti la suti lililomfaa mtu mwingine.

"Wazee wangu," alianza, "mbuzi wa ushenga nilimla mimi, na mfupa wake ni wangu kuutafuna. Nina swali dogo. Tunajuaje kwamba mtu wa kwenye karatasi ni Nkwabi? Uso wa makaa ni uso wa yeyote. Na watu wakivua nguo ndiyo wanafanana zaidi."

"Umejuaje wewe?" mzee Bujiku akauliza.

"Mzee, miaka minne duarani! Kila jioni tukitoka shimoni tunapangwa mstari, tunavuliwa, msimamizi anapita na tochi. Masikioni, mdomoni, kwapani. Na kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kwingine kote, mzee."

Wazee wawili wakatazama fimbo zao.

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Dhahabu."

"Huko?"

"Ndiko inakofichwa, mzee."

Mzee Bujiku akalitafuna jambo hilo kwa muda. "Sawa," akasema. "Hiyo ni kazi. Mwenye mali anatafuta mali yake. Sasa huyu mzee wa studio, yeye kwa mkwe wangu alikuwa anatafuta nini?"

Wote wakamgeukia Nkwabi. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa maana vigoda viliishia kwa wageni.

"Sijui, baba," alisema. "Najua tu kwamba hakunipapasa. Na akimaliza ananipa chai."

"Chai unainywa umevaa au hujavaa?"

"Nimevaa, baba."

"Afadhali." Mzee akamwita binti yake. "Hoja ya Januari ijibiwe. Kamuulize mama yako amejuaje kwamba ni yeye. Akithibitisha, mtamba na kondoo. Leo hii. Vikikosekana, nguo zako zimekwisha kufungwa?"

"Zimefungwa, baba."

Zilikuwa zimefungwa kweli, kwenye shuka, pembeni ya mlango. Eufrasia alizifunga alfajiri, akaacha khanga moja nje, kama mtu anayebakisha mbegu. Akazipita, akainua pazia.

"Wanauliza umejuaje, mayu. Wanasema uso wa makaa ni wa yeyote."

Bi Philomena akauambia ukuta: "Mimi ndiye wa kuulizwa! Kawaambie mguu wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Wamvue kiatu, tuone huyo Januari wao atasema nini."

Eufrasia akageuka kuyapeleka. Akafika kwenye pazia, akasimama.

Ni kweli Nkwabi hakuwa na kidole hicho. Jiwe lilikichukua mwaka wa pili kule shimoni, na kwa aibu ya kilema tangu hapo hakuwahi kukanyaga mbele ya wakwe bila viatu, hata joto liwe vipi. Bi Philomena asingejua habari zake kwa njia nyingine ila karatasi. Na karatasi ile, kwa maneno yaliyopita barabara yote kutoka Songwa, ilifungwa palepale ilipofika kiunoni.

"Anasema nini?" baba yake akauliza kutoka uani.

"Anafikiri, baba."

Alirudi akachuchumaa nyuma ya mama yake. Nje Januari alikuwa akisikika anakohoa kikohozi cha mtu anayejiandaa kushinda. Januari hakuwa mjinga. Angepewa kile kidole, angekipima kwa mkono mbele ya wazee, kutoka kiunoni mpaka chini, kunjo kwa kunjo, na kesi ingefia pale. Mtamba angekufa, kondoo angekufa, shuka lingefunguliwa. Na mama yake angerudi Songwa nyuma ya baiskeli akiwa kichekesho cha vijiji vinne mpaka siku ya kuzikwa.

"Mayu," akanong'ona. "Baba anasema uliifunga ulipofika kiunoni."

"Niliifunga."

"Kiunoni."

"Eh."

"Nikawaambie habari ya kidole?"

Ukuta ule ulikuwa na ufa mdogo. Bi Philomena aliutazama ufa wote, kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Wewe ni mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Na yule ni mume wako."

"Ndiyo, mayu."

Nje mzee Bujiku akapiga fimbo chini. Bi Philomena akashusha pumzi.

"Mtamba ni mkubwa," akasema, kama aliyeulizwa bei za mnadani. "Kwa karatasi."

"Ni mkubwa."

"Na kondoo mwaka huu wana mafua."

"Wote, mayu."

"Kawaambie kuku. Awe mweupe."

Eufrasia akatoka. "Mama amesema anamjua kwa uso. Lakini kwa kuwa alichokiona ni karatasi wala si mwili, kuku mweupe anatosha kumsafisha."

"Kuku?" Mzee Bujiku akainuka. "Mwanamke huyu hajanipa usingizi wiki nzima. Nimeipiga ile barabara mara mbili kwa baiskeli, magoti yanalia kama mlango. Kwa kuku?"

"Mweupe, baba."

Januari, ambaye kazi yake ilikuwa kunusa dhahabu ndani ya jiwe, alimtazama Eufrasia, akalitazama pazia, akafungua mdomo.

"Shemeji Januari," Eufrasia akasema, "njoo unisaidie kukamata kuku."

Januari akafunga mdomo, akavua koti.

Walipomaliza kumfukuza kuku kati ya nyumba tatu, mzee Bujiku alikuwa na shauri moja lililobaki. Kazi ile iishe. Nkwabi akainamisha kichwa, akasema sawa, baba. Ndipo Eufrasia, aliyekuwa ameshika kuku kichwa chini, akasema jambo ambalo halikutoka chumbani.

"Aende wapi, baba? Kule shimoni tena? Msikilizeni kifua."

Wakasikiliza. Nkwabi alijitahidi kutokohoa, na kujitahidi kule ndiko kulikomkohoza. Walingoja mpaka akamaliza, ilichukua muda. Mmoja wa wazee wawili, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema: "Avae kaptula."

Likawa ndilo neno la kikao. Nkwabi aendelee kusimama, avae kaptula, na karatasi zisitoke dukani hata kwa kitunguu. Nkwabi akaapa kwa niaba ya Saroj, jambo ambalo mwanamume yeyote mjini Shinyanga angemwonya asilifanye.

Karatasi yenyewe ilipaswa kuchomwa chini ya sufuria ya yule kuku, wazee wakishuhudia. Eufrasia alipoingia kuichukua, mama yake akaomba mkasi. Hakusema wa nini. Baada ya muda mkono ukatoka nje ya pazia na karatasi iliyokunjwa ndani nje, ndogo kuliko alivyotarajia Eufrasia. Mzee Bujiku akaipokea kwa ncha za vidole, macho juu ya paa, akaitupa motoni. Ilikuwa karatasi nzuri kweli, nzito. Ilikataa kidogo kabla ya kushika.

Kuku akaliwa, wanaume uani, wanawake ndani. Bi Philomena, aliyekuwa hali, alikula paja na shingo, akanyonya na mifupa.

Jua lilipolegea Eufrasia alimsindikiza mama yake mpaka barabarani, amembebea kikapu. Wanaume walikuwa mbele na baiskeli, wanabishana kama mvua itanyesha. Nkwabi alikuwa amebaki nyumbani, mbali inavyotakiwa.

Bi Philomena akasimama kando ya njia, akafungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi, upana wa kiganja, kilichokatwa vizuri chini ya shingo. Akakinyoosha kwa kidole gumba.

"Miaka tisa," akasema, "huyu mtoto namwona kisogo, uso kwa mbali tu. Namsikia anakohoa, namsikia anacheka, najua viatu vyake. Nikisema nitazame kidogo, ananipisha njia."

"Ndiyo adabu, mayu."

"Sijasema si adabu." Akakisogeza kile kipande karibu na macho, akakiangalia bila kugeuka wala kujifunika, kama anavyotazamwa mtoto aliyelala. "Kumbe ana baka hapa kidevuni."

"Analo."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Hukuniambia," Bi Philomena akasema. Akafunga pindo mafundo mawili, akapanda nyuma ya baiskeli, akamwambia mumewe aendeshe polepole.